KICHWA CHA MFANYA KAZI SI KUFULI LA TAJIRI

Ndugu wafanya kazi wa chai wa Kericho na Bomet,

Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba mashine yaweza kumtambua mtu kwa mawimbi ya ubongo wake, bila neno la siri. Unavaa waya kichwani, unafikiri jambo, nayo inakukubali. Wenye kuisifu wasema ni salama kabisa, maana nani awezaye kuiba mawazo?

Sisi twapinga. Neno la siri likiibwa, walibadilisha kesho asubuhi. Ubongo utaubadilishia wapi? Mwaka 2015 serikali ya Marekani yenyewe, pamoja na nguvu zake zote, ilitangaza kwamba imeibiwa alama za vidole za watu milioni 5.6. Vidole vya watu hao ni vile vile mpaka leo. Tena mawimbi hayatoi jina tu. Huonyesha usingizi, huonyesha hata kifafa. Mnyapara akiyajua hayo, nani atamzuia asiyaandike?

Jambo hili si geni kwetu. Sheria ya kipande ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwachapa babu zetu alama za vidole na kuwavika kijisanduku cha bati shingoni kama kengele ya ng'ombe. Aliyeacha kazi alisakwa kwa kipande hicho.

Na mwaka 2023, Nairobi, watu walipanga foleni wapigwe picha ya mboni za macho kwa kupewa kama shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru habari hizo zifutwe.

Basi hatungoji kofia ya waya ifike mashambani ndipo tuseme. Mashine ya kidole yatosha. Vidole vya mchuma chai hulika kwa kazi. Mashine isipomtambua, nani atamlipa siku yake?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yamtaka mwajiri aeleze kwanza. Kwa hiyo kila mwakilishi aulize, kabla mtu hajaweka kidole: Alama hizi za kazi gani? Zitawekwa wapi? Nani atazisoma? Mtu akiacha kazi zitafutwa lini? Asiyetambuliwa na mashine ataandikwa na nani? Majibu yawe kwa maandishi, yenye sahihi ya meneja, na nakala moja iletwe ofisi ya tawi.