Eti Hatuna Stori!

Wadau, nimechoka na hawa jamaa wa filamu hapa Kinondoni wanaolia eti stori hakuna. Hakuna wapi? Wafaransa walichukua Les Misérables, riwaya ya Victor Hugo ya 1862, wakaifanya tamthilia ya televisheni mwaka 2000, Gérard Depardieu akiwa Jean Valjean. Sisi tuna Rosa Mistika ya Kezilahabi tangu 1971: binti wa Ukerewe, baba mlevi na mkali, halafu uhuru wa ghafla. Mnataka stori gani tena? Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilitoka 1999. Amil Shivji akaifanya filamu, 2021 ikaonyeshwa Toronto. Wenye vituo vya televisheni, someni jamani, kisha lipeni haki za waandishi. Mapenzi ya jumba la kukodi, Part 1 na Part 2, tumeshiba!