Ndege wa Basra na Matete ya Tana

Wasomaji wetu waliosoma nahau wanaujua mji wa Basra kwa Sibawayhi na wanavyuoni wake. Wachache wajuao kwamba yuko kindege wa matete aitwaye kwa jina la mji huo, naye ni mgeni wetu wa kila mwaka. Mgongo wake ni wa hudhurungi iliyofifia, tumbo jeupe, mdomo mrefu mwembamba. Hula wadudu. Na jina lake lapoteza kidogo, kwani wataalamu walipomwandika kwanza, mwaka 1891, ndege waliyekuwa naye mkononi alitoka Nguru, katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Lakini huzaa Iraki, katika vinamasi vya Dijla na Furati, na kiota chake hukifuma katika matete. Baada ya maasi ya mwaka 1991, serikali ya Saddam Hussein ilijenga matuta na kuchimba mifereji ili maji yasiwafikie watu wa vinamasini. Ilipofika mwaka 2001 Umoja wa Mataifa ulieleza kuwa kiasi cha sehemu 9 katika 10 zimetoweka. Hayo yote katika miaka kumi! Mwaka 2003 wenyeji waliyabomoa matuta, maji yakarudi, matete yakamea tena. Si yote, maana mito hiyo imezuiliwa kwa mabwawa huko juu, na tangu mwaka 2021 ukame umevikausha tena vinamasi vingi. Kwa hiyo ndege huyu ameandikwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka duniani.

Baridi ikikaribia huko hushuka kwa Arabuni na Uhabeshi, akatufikia Novemba na Desemba. Ngulia, katika Tsavo, ambako tangu mwaka 1969 ndege wa safari hunaswa kwa nyavu usiku wa ukungu, wakavishwa pete mguuni na kuachiliwa, yeye huonekana kati yao. Wengine huendelea hadi matete ya mlangoni mwa mto Tana, wakakaa hata Machi.

Matete hayo nayo yamekuwa na wayatakayo. Palitolewa mipango ya kuyafyeka mashamba makubwa ya miwa, na wenyeji wengi wakaipinga. Mwaka 2012 mahali hapo pakaingizwa katika mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi za majimaji. Hilo twalishukuru. Ila mkataba hauleti maji, na maji ya Tana hupita kwanza katika mabwawa ya umeme, likiwamo Masinga la mwaka 1981, kama yale ya Furati.