Mtumba wa maneno ulioshushwa Kampala

Kijana mwenzangu, najua ukienda Karume kuchagua shati la mtumba hulichukui hivihivi. Unaligeuza ndani nje, unatazama kola, unanusa kwapa, unaliinua juani uone kama lina tundu. Sasa kwa nini ukiletewa maneno ya mtumba kutoka Marekani unayavaa palepale bila hata kuyakung'uta?

Nazungumzia semina ya Kampala. Machi 2009 Wamarekani watatu walipanda jukwaani katika hoteli moja mjini humo kuwafundisha Waganda habari za ushoga: unatoka wapi, unaeneaje na unatibiwaje. Mwenyeji wao alikuwa Stephen Langa wa Family Life Network. Waliokaa kusikiliza si watu wa kijiweni kama mimi na wewe. Walikuwemo polisi, walimu na wanasiasa.

Kinara wa wageni alikuwa Scott Lively, mhubiri aliyeshiriki kuandika kitabu kinachodai kwamba mashoga ndio waliokuwa nyuma ya chama cha Hitler. Pale Kampala akagusia hata mauaji ya Rwanda, eti huenda watu wa aina hiyo walikuwa na mkono. Rwanda, msomaji! Hapo jirani, ambako kila mtu anajua nani alipiga ngoma redioni na nani alishika panga. Na hakuna aliyesimama kumwambia mzee, hebu shuka.

Wa pili, Don Schmierer, alikuwa katika bodi ya Exodus International. Wa tatu, Caleb Lee Brundidge, alisema alikuwa shoga akaacha. Hawa ndio walioleta habari ya dawa. Basi tuligeuze shati.

Exodus ilianzishwa mwaka 1976 ikihubiri kwamba kwa sala na ushauri shoga hubadilika. Januari 2012 rais wake, Alan Chambers, alisema asilimia 99.9 ya watu aliokutana nao hawakubadilika matamanio yao. Mwaka huohuo Robert Spitzer, daktari wa akili ambaye utafiti wake wa 2003 ulikuwa ngao ya watu hawa, akaomba radhi: alikuwa amewahoji watu 200 kwa simu na kuamini walichomwambia. Juni 2013 Exodus ikafunga duka, na Chambers akawaomba msamaha waliodhuriwa. Mwenye duka mwenyewe, si adui yake.

Halafu kuna ile nadharia ya Joseph Nicolosi, aliyeshiriki kuanzisha chama cha matabibu wa namna hiyo mwaka 1992: kwamba mtoto wa kiume huharibika kwa sababu baba yake alikuwa mbali naye. Hebu hesabu vijana wa mtaani kwako waliolelewa na mama au bibi huku baba akijulikana kwa picha tu. Kwa mahesabu hayo Manzese na Tandale zingekuwaje?

Sikuambii ubadili imani yako. Ukiona ni dhambi, hilo ni lako na kanisa lako. Ninachouliza ni kilichofuata baada ya wageni kupanda ndege.

Oktoba 2009 mbunge David Bahati alipeleka muswada Bungeni. Ulikuwa na adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, lakini mimi nakuonyesha kifungu kingine. Mwenye mamlaka yeyote, na mamlaka ya dini yakiwemo, akijua kosa limetendeka asitoe taarifa ndani ya saa 24, naye angeweza kufungwa hadi miaka mitatu. Sasa semina si ilisema waje watibiwe? Nani atamfuata mchungaji kumfungulia moyo, ikiwa mchungaji ana saa 24 za kwenda kituoni? Na huko kituoni unawajua wanavyofanya biashara. Jirani uliyemnyima mkopo anatosha kuwa shahidi.

Museveni alitia saini sheria Februari 2014, wakati huo kifo kikiwa kimebadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Agosti mwaka huohuo mahakama ikaifuta kwa kuwa wabunge hawakutimia akidi. Mei 2023 akasaini nyingine, safari hii kifo kimo. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ikaiacha isimame sehemu kubwa.

Na wageni wetu? Muswada ulipoanza kunuka wote watatu walijitenga nao. Schmierer aliliambia gazeti la New York Times kwamba alihisi amehadaiwa. Lively alishtakiwa na Waganda mwaka 2012 katika mahakama ya Springfield, Massachusetts. Mwaka 2017 jaji aliandika maneno makali dhidi yake, kisha akaitupa kesi, kwa kuwa sheria ya Marekani haikumpa uwezo juu ya mambo yaliyotendeka nje ya nchi.

Akarudi kwake. Sheria ikabaki Kampala.