Ajira za Serikali: Tusiishie Kulalamika, Tujiandae

MIONGONI mwa malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika mabaraza ya misikiti yetu, hapa Segerea na katika vitongoji vingine vya pembezoni mwa Dar es Salaam, ni kwamba ajira za Serikali ni za kujuana. Kijana amemaliza chuo, ameshinda kijiweni mwaka wa kwanza na wa pili, na akiulizwa kwa nini haombi kazi serikalini, hujibu kwamba majina yamekwishapangwa na asiye na mjomba ofisini anajisumbua bure.

Hatusemi kwamba malalamiko hayo hayana msingi. Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa Idara ya Uhamiaji, wakiwania nafasi 70 tu. Mwaka huohuo, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi ilisimamisha ajira nyingine za idara hiyo baada ya kuzuka madai kwamba waliochaguliwa walikuwa ndugu na jamaa za watumishi. Upendeleo wa namna hiyo ni dhuluma, na kuukemea ni wajibu wa kila mpenda haki.

Pamoja na hayo, liko swali ambalo hatuna budi kujiuliza. Je, katika hao wanaolalamika, ni wangapi waliowahi kuomba? Na katika walioomba, ni wangapi walioingia katika chumba cha mtihani wakiwa wamejiandaa? Aliyeomba, akafanya mtihani na kunyimwa haki yake, ana hoja ya kupeleka mbele. Asiyeomba hana hata cha kuulizia.

Ifahamike kwamba utaratibu wa leo si ule wa kupeleka bahasha kwa mkono na kumwachia karani. Marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma yaliyofanywa mwaka 2007 yaliunda Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo chenye jukumu la kutangaza nafasi, kusaili na kuwapanga waliofaulu kwa waajiri mbalimbali serikalini. Maombi hupokelewa kwa njia ya mtandao, na kuomba hakuna malipo. Kwa kawaida msailiwa huanza na mtihani wa mchujo, ambao katika miaka ya karibuni umeanza kufanywa kwa kompyuta. Baadhi ya kada hupitia usaili wa vitendo, kisha hufuata mahojiano ya ana kwa ana. Anayefaulu lakini akakosa nafasi kwa wakati huo, jina lake huhifadhiwa katika kanzidata kwa muda, na anaweza kuitwa nafasi inapopatikana.

Jambo linalosikitisha ni kwamba wengi wetu tunazijua ajira chache tu. Likitajwa neno kazi ya Serikali, mawazo hukimbilia mapato, uhamiaji, benki na bandari. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji walizidi 130,000. Wakati huohuo, matangazo ya kada zisizopigiwa kelele hubandikwa na kufungwa bila ya watu wa mtaa wetu kuyasikia.

Chukua mfano wa Mtendaji wa Mtaa, ambaye kila mmoja wetu humwendea kutafuta barua ya utambulisho. Kazi hiyo huombwa na mtu wa kidato cha nne au cha sita mwenye cheti katika fani kama utawala, sheria, maendeleo ya jamii au usimamizi wa fedha, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Yuko pia Msaidizi wa Kumbukumbu, ambaye husomea utunzaji wa kumbukumbu za masijala, afya, mahakama au ardhi. Yuko Mwandishi Mwendesha Ofisi, anayetakiwa kuandika hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika na kuimudu kompyuta. Hata dereva wa Serikali hachukuliwi kwa sababu anajua kushika usukani. Hutakiwa awe na cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja C au E, mafunzo ya msingi ya uendeshaji kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa, na uzoefu wa kazi bila kusababisha ajali.

Hapa ndipo kosa letu wazazi linapoanza. Tunampeleka mtoto katika chuo chochote kilichobandika tangazo kwenye nguzo ya umeme, tunauza kiwanja kulipa ada, na miaka miwili baadaye tunagundua kwamba cheti chake hakilingani na sifa zilizoandikwa katika tangazo lolote la kazi. Kinachotakiwa ni kinyume chake. Matangazo ya kazi na yasomwe kwanza, ijulikane kada gani inataka cheti gani, ndipo chuo kitafutwe.

Jambo la pili ni nyaraka. Vijana wengi huangukia mlangoni kabla hata ya kuulizwa swali moja. Mwombaji anahitaji namba ya Kitambulisho cha Taifa, cheti cha kuzaliwa na vyeti halisi vya masomo. Hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haikubaliwi badala ya cheti chenyewe. Na liko tatizo moja linaloihusu jamii yetu zaidi, nalo ni majina. Binti ameandikwa Khadija katika cheti cha kuzaliwa, Hadija katika cheti cha kidato cha nne, na jina la babu limewekwa mahali pa jina la baba. Siku ya usaili anaonekana kuwa watu wawili. Mambo haya hurekebishwa kisheria, kwa hati ya kuthibitisha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, lakini hayarekebishwi usiku wa kuamkia usaili. Na yafanyiwe kazi sasa, wakati hakuna tangazo.

Jambo la tatu ni mtihani wenyewe. Tangazo la kazi huorodhesha majukumu ya kada husika, na orodha hiyo ndiyo mwongozo wa kwanza wa msailiwa. Anayeomba utendaji wa mtaa bila ya kujua mipaka ya madaraka ya mtendaji na yale ya mwenyekiti wa mtaa, atajibu nini? Aidha, Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 na kanuni za maadili ya watumishi zinafaa kusomwa na kila mwombaji, kwa kuwa anaomba kuingia katika nyumba inayoendeshwa kwa taratibu hizo.

Hatuwezi kulifunga suala hili bila ya kuonya juu ya njia za mkato. Wapo matapeli wanaopiga simu na kudai fedha ili jina lipenyezwe. Hao ni wezi, na anayewapa fedha ili kupata kazi anatoa rushwa, ambayo mtoaji na mpokeaji wake wote wamo katika dhambi. Wapo pia wanaotengeneza vyeti vya bandia. Waliofanya hivyo na wakumbuke Aprili 2017, uhakiki wa Serikali ulipobaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Watu waliokuwa wamekwishajenga na kusomesha waliondolewa kazini kwa pigo moja. Riziki iliyoanza kwa uongo haina amani.

Tunapendekeza basi kwa kamati za misikiti yetu, kuanzia hapa Segerea, mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, ubao wa matangazo wa msikiti uwe na sehemu ya ajira, na kijana mmoja mwaminifu akabidhiwe jukumu la kupitia matangazo ya Serikali kila wiki na kubandika sifa na tarehe ya mwisho. Pili, wastaafu wa utumishi wa umma waliomo katika safu zetu za swala waombwe kutoa saa moja kwa wiki, wawasaili vijana kwa mazoezi na kuwasahihishia barua za maombi. Tatu, akina mama na mabinti wapangiwe wakati wao, kwani kada nyingi tulizozitaja zinawafaa sawasawa. Nne, mlango huo uwe wazi kwa jirani yeyote, awe wa imani yetu au asiwe.

Hayo hayahitaji mfadhili wala jengo jipya. Yanahitaji daftari, meza na watu wenye moyo. Na wakati haungoji. Kwa kawaida matangazo hayo humtaka mwombaji asizidi umri wa miaka 45, na kila mwaka unaopotea kijiweni haurudi. Tuendelee kudai haki katika ajira, lakini tuidai tukiwa na vyeti vyetu mkononi na majibu kichwani.