Bima ya pamoja iyakumbuke masikio

Mtoto ajibuye swali ambalo hakuulizwa huitwa majina mengi darasani: mzembe, mkaidi, kichwa kigumu. Ni nadra mwalimu kujiuliza iwapo mtoto huyo alilisikia swali lenyewe. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilieleza kwamba takriban asilimia 60 ya visa vya kupungukiwa na usikivu miongoni mwa watoto hutokana na sababu ziwezazo kuzuiwa, yakiwemo masikio yatokayo usaha bila kutibiwa. Kupimwa nako si jambo geni hapa Kenya, kwani vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu ya elimu vilianzishwa mwaka 1984. Kinachowashinda wazazi wengi ni kile kifuatacho baada ya kupimwa.

Chukua mfano wa mwajiriwa aliye katika mpango wa bima ya pamoja ya matibabu. Anampeleka mwanawe hospitalini. Daktari anayachunguza masikio, nta inaondolewa, kisha mtaalamu anamvisha mtoto vipokea sauti na kuchora grafu ya sauti anazozisikia na zile zinazompita. Gharama hizo huenda bima ikazilipa. Hatimaye mzazi anaambiwa kwamba mtoto anahitaji vifaa viwili vya kusaidia kusikia, kimoja kwa kila sikio. Hapo ndipo hufunuliwa ukurasa wa mambo yasiyogharimiwa, na si ajabu kuvikuta vifaa hivyo humo, bega kwa bega na upasuaji wa urembo.

Huu ni mzaha. Kumpima mtu kisha kumwachia karatasi yenye grafu ni kumwonyesha mwenye kiu kisima na kumnyima ndoo.

Wenye bima hujitetea kwamba vifaa hivyo ni ghali na kwamba kutosikia vyema hakuui. Hoja ya kwanza yajijibu yenyewe. Maana ya bima ya pamoja ni kuugawanya kwa wengi mzigo umwelemeao mmoja. Maadamu wanaohitaji vifaa hivyo katika kundi ni wachache, nyongeza ya mchango kwa kila mwanachama haiwezi kuwa kubwa. Kama bima ingekuwa ya kulipia vitu rahisi tu, nani angeihitaji?

Ama hiyo ya pili, na aulizwe mwalimu ambaye usikivu wake unafifia. Hutabasamu pale apaswapo kujibu. Huwaepuka wanafunzi wa madawati ya nyuma na kuichukia mikutano ya walimu, na wenzake humdhania ana maringo. Mwenye macho dhaifu huvaa miwani bila haya, na mikataba mingi humlipia walau sehemu ya gharama. Kwa nini jicho lithaminiwe na sikio libaguliwe? Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvishinda vikwazo vitokanavyo na ulemavu huo. Mwajiri anayejadiliana na kampuni ya bima hana budi kuikumbuka haki hiyo.

Aidha, kukitaja kifaa mkatabani pekee hakutoshi. Betri zake ndogo huisha baada ya siku chache, au wiki mbili hivi zikikaa sana. Mtoto naye hukua, tundu la sikio likapanuka, na kile kipande kilichofinyangwa kwa umbo la sikio lake kikalegea. Kifaa huanza kupiga mbinja, mtoto akachekwa, akakivua. Bima ilipayo mara moja na kuyasahau hayo imenunua pambo la kabatini.

Mikataba hii kwa kawaida huhuishwa kila mwaka. Vyama vya walimu, ambavyo hupigania mishahara kwa sauti kubwa, viitumie fursa hiyo kuuliza: ni shilingi ngapi kwa kila sikio, kila baada ya miaka mingapi, betri na marekebisho ni juu ya nani, na je, wategemezi wamo? Majibu yatolewe kwa maandishi kabla ya sahihi kutiwa.