Bandari ipokee kwanza watu wake



Watu wanasema: meli za watalii zikija ziwani Kivu, tutapata feza. Sisi hatukatai, waje! Lakini bandari ni ya nani kwanza?

Tutazame Kituku, bandari ndogo ya Goma, kaskazini ya ziwa letu. Pale njo wamama wanauza samaki, na bato za Minova zinatua. Mwaka 2024 vita ilifunga barabara ya Sake, watu wengi wakapita majini. Tarehe 3 Oktoba bato moja iliyojaa kupita kiasi ilizama karibu kabisa na Kituku. Watu wengi walikufa, ngambo wakiiona kwa macho.

Mtalii hapandi bila jile ya kuokolea. Je, uzima wa mama wa sambaza ni mwepesi kuliko wake? Hapana! Bandari yenye kuhesabu watu wake mbele ya kufungua kamba, na kumupa kila mutu jile, ile njo itastahili wageni.

Na sisi wenyewe, siku ya vakansi, tukikuta bato imejaa, tubaki ngambo. Heri kufika kesho kuliko kutofika.

Sisi viongozi wa wanafunzi, darasa la sita