Penseli, karatasi na afya ya akili

Watu wazima wengi wa Tabora walishika penseli ya kuchora mara ya mwisho wakiwa shule ya msingi. Waambie wamchore mtu aliyeketi mbele yao, watakujibu: “Sina kipaji.” Kwa afya ya akili, kipaji si sharti.

Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kufanya kazi za sanaa. Kwa takriban robo tatu yao, kotisoli, homoni inayohusiana na msongo, ilipungua. Uzoefu wa sanaa haukuleta tofauti. Utafiti huo ni mdogo, lakini kujaribu hakuna hasara.

Wageni waliopita njia ya misafara, kama Burton na Speke waliofika Kazeh mwaka 1857, waliwachora watu wetu. Sasa tuchorane wenyewe.

Ketini wawili chini ya mwembe. Anayechorwa aridhie kwanza, na avae nguo zake za kawaida. Anza na michoro ya dakika mbili, kisha kumi. Mtazame mtu kuliko karatasi: bega lipi limeshuka, uzito uko mguu upi? Usifutefute.

Kuchora si tiba. Mwenye huzuni au kukosa usingizi kwa zaidi ya wiki mbili aende kituo cha afya. Lakini shule zetu zina madarasa matupu kila jioni. Zifungue milango, kinachohitajika ni karatasi na penseli tu.